Tangi Lenye Breki

Benchi lenyewe lilitoka kwenye ofisi ya serikali. Hakuna anayejua lilitokaje, ila ubavuni bado lina kibati kilichopigiliwa misumari miwili: "Na. 14. Haliruhusiwi kuhamishwa." Likahamishwa. Sasa limekaa pembeni mwa barabara, limeegemea mlango wa duka lililofungwa miaka minne iliyopita "kwa siku saba, kupisha ukaguzi", kama isemavyo karatasi iliyobandikwa mlangoni, na kwa kuwa karatasi ina muhuri, hakuna wa kuibishia. Kila asubuhi Mama Birika huweka jiko lake mwisho wa benchi na vikombe kumi na viwili kwenye beseni, na ikifika saa mbili wenye benchi wameshatimia. Yupo Mkaguzi, mstaafu wa idara ya mizani na vipimo, ambaye hukaa upande wa kibati kwa sababu ndio upande rasmi. Yupo Sekunde, fundi saa, ambaye meza yake ya kazi iko hatua nne kutoka hapo na huhesabu kwamba yuko kazini. Na yupo Breki, fundi wa lifti, aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimuuliza chochote kuhusu lifti, hata rangi yake, atakuanzia kwenye breki.

Ijumaa ile Breki alikuja na begi la safari. Alilibana katikati ya miguu, akapokea kikombe, akanywa nusu nzima bila kupuliza. Mama Birika aliona, maana kahawa yake hainywewi hivyo na mtu mwenye amani.

— Kuna nini, fundi?

— Limezima tena.

Hakuna aliyeuliza nini. Kijiwe kizima kilijua kwamba sebuleni kwa Breki, pale ambapo nyumba za watu wengine huweka kochi kubwa, kuna tangi la kioo la lita elfu moja za maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai: mengine magumu yenye matawi, mengine laini yanayoyumba kama vidole vya mtu anayepapasa miwani yake. Ameyalea miaka tisa. Lile la kijani, ambalo sasa haliwezi kuenea kwenye sinia, alilipata likiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Chini ya tangi, ndani ya kabati, kuna tangi la pili, dogo, na humo ndimo mitambo ilimo: pampu ya kurudisha maji juu, hita, mashine ya kupoza, mashine ya kutoa uchafu kwa povu, na maboya mawili, moja linaloruhusu maji yasiyo na chumvi kuingia kila yanapopungua kwa mvuke, jingine la kulinda yasizidi. Juu, ubavuni mwa kioo, kuna pampu mbili za kusukuma mawimbi. Na vyote hivyo hupata umeme kupitia sanduku moja la chuma ambalo Breki alilitengeneza kwa mikono yake, kwa vipuri vya lifti zilizostaafu kwa heshima. Wageni huenda kwake kutazama samaki. Yeye huwaonyesha sanduku.

— Limezima saa ngapi? aliuliza Sekunde.

— Ningejua saa ningekuja na uso huu? Nimeamka saa kumi na mbili nikasikia kimya. Sebule imetulia kama ofisi ya umma mchana. Nakwenda, nakuta samaki wote wako juu, midomo nje, wanameza hewa. Lile la kijani limejikunja, limebaki ngumi. Nikawasha kwa mkono. Likawaka, likaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

— Na leo saa nne unaondoka.

— Na leo saa nne naondoka. Siku sita. Hospitali, lifti mbili mpya, mji wa watu.

Hapo ndipo penye mzigo, na kila mtu pale benchini aliuona. Mke wa Breki alikuwa amekubali kuwalisha samaki, lakini alikubali kwa masharti kama nchi inayotia saini mkataba: chakula nitatia, nyaya sigusi. Naye hutoka nyumbani saa nne asubuhi na kurudi jioni. Sanduku likizima saa tano, yeye atalikuta saa kumi na mbili. Maji yasiyotembea hayana hewa ya kutosha viumbe wote wale, na kwa hesabu ya Breki mwenyewe, saa tano za kimya zingetosha kumaliza miaka tisa.

— Kwa hiyo, alisema Breki, nina saa moja na nusu ya kujua kilichozima.

— Tele, alisema Mkaguzi. — Tuanze na kumbukumbu. Limezima mara ngapi?

— Mara tatu.

— Mara ya kwanza.

— Jumanne ya wiki iliyopita. Konokono alipanda juu ya boya, akakaa. Boya likazama. Nimeshaweka wavu.

— Mara ya pili.

— Jumapili. Mke wangu alipiga deki. Kuna jicho la maji nimeliweka sakafuni, likiona unyevu linajua tangi linavuja. Likaona dekio. Nimelisogeza.

— Mara ya tatu ni leo.

— Leo, na sijui. Sakafu kavu. Joto la maji nyuzi ishirini na tano na nusu, kama kawaida. Maboya yote mawili yako mahali pake. Pampu haina homa. Ila sanduku limezima.

— Limezima nini hasa? aliuliza Mama Birika.

— Kila kitu.

— Hata mawimbi?

— Mama, nikisema kila kitu, mawimbi yamo. Breki aliweka kikombe chini, na Sekunde akajiegemeza vizuri, kwa kuwa alijua kinachofuata kina urefu wake. — Lifti ina mnyororo wa usalama. Mlango, kasi, kamba, kila kimoja kina mlinzi wake, na walinzi wote wameshikana mikono. Mmoja akiachia tu, hata kwa wasiwasi, lifti inasimama. Na breki ya lifti, watu hawajui, haishikwi na umeme. Inaachiwa na umeme. Umeme ukikatika inajishika yenyewe, kwa springi. Ndiyo maana nimeweka walinzi watano kwenye tangi. Maboya mawili, joto, sakafu, pampu. Mmoja akiona mashaka, kila kitu kinasimama. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi hii. Hakuna mtu hata mmoja aliyeumia ndani ya lifti yangu. Waliokwama, ndiyo. Waliolalamika, wengi. Mmoja alimwandikia waziri akiwa bado humo ndani.

— Alijibiwa? aliuliza Mkaguzi.

— Barua yake ilipokelewa.

— Hilo ni jibu, alisema Mkaguzi kwa kuridhika, akainyoosha miguu yake. — Sasa nisikilize. Tatizo lako ni chumvi.

— Chumvi yangu ni thelathini na tano kwa elfu. Napima kila Jumamosi.

— Unapima kwa nini?

— Kwa ile darubini ndogo. Unatia tone, unatazama kwenye mwanga, unasoma mstari.

— Ina cheti?

— Darubini?

— Imehakikiwa na nani? Ina lakiri?

— Mzee, nimeinunua dukani.

— Basi huna chumvi. Una maoni kuhusu chumvi.

Sekunde alicheka mpaka akalazimika kushika miwani yake ya kazi. Breki hakucheka, lakini hakubisha pia, kwa sababu alikumbuka kwamba darubini hiyo ilianguka mwezi uliopita na yeye aliifuta tu akaendelea.

— Maji yakizidi chumvi, aliendelea Mkaguzi, yanakuwa mazito. Maji mazito yanainua boya. Boya likiinuka, sanduku linadhani tangi limejaa. Linazima. Hiyo ni fizikia, na ni sheria pia.

— Litainuka kiasi gani? Unene wa karatasi.

— Kijana, mimi nimewahi kufunga bucha kwa unene wa karatasi. Kanuni ya kumi na mbili, kifungu kidogo cha pili, iko wazi kabisa.

— Inasema nini?

— Inahusu mizani ya mazao. Lakini roho yake ni hiyohiyo.

Breki alikuwa na miaka hamsini na mbili, na mtu pekee duniani aliyebaki akimwita kijana ni Mkaguzi. Kwa kawaida ilimfurahisha. Leo alitazama barabarani kuona kama gari la kampuni limetokea, halikuwa limetokea, akamnyooshea Mama Birika kikombe.

Sekunde alisubiri kahawa imiminwe. Fundi saa ana adabu yake, hasemi mpaka sauti nyingine zimalizike.

— Mzee amezungumzia uzito, nami namheshimu. Lakini nyote mmepita juu ya kitu kinachong'aa. Jumanne. Jumapili. Ijumaa. Hesabu.

Wakahesabu, kila mmoja kwa vidole vyake.

— Siku tano, alisema Mama Birika.

— Siku tano, halafu siku tano. Kitu kinachorudi kwa mpangilio si ajali, ni saa. Ndani ya nyumba yako, kaka, kuna saa ambayo hujaiona. Na itapiga tena Jumatano, wewe ukiwa juu ya paa la lifti huko hospitali.

— Sekunde, mara ya kwanza ni konokono. Nimemwona. Nimemtoa kwa mkono huu.

— Sawa. Na kwa nini alipanda siku ile? Konokono yule umekaa naye miaka mingapi?

— Minne.

— Miaka minne hajawahi kutaka kukaa juu ya boya. Jumanne akataka. Nani alimwamsha?

Breki alitazama tena barabarani.

— Mwezi, alisema Sekunde. — Wewe mwenyewe umetufundisha hapa kwamba matumbawe yanajua mwezi, kwamba baharini yanataga usiku mmoja yote kwa pamoja. Sasa yana miaka tisa sebuleni, hayajapewa mwezi, yamepewa taa ya dukani. Yamechoka kusubiri. Yanatengeneza mwezi wao. Mwezi wa siku tano. Maji yanavutwa kidogo, konokono anahisi, anapanda.

— Na dekio?

— Shemeji naye ni mtu mwenye hisia.

— Usimwingize mke wangu kwenye mwezi wa samaki.

— Simwingizi. Nasema tu, kwa kawaida hupiga deki siku gani?

— Jumamosi, alisema Breki, na akajuta hapohapo, kwa kuwa Sekunde alipiga paja lake na kuwatazama wengine kama wakili aliyemaliza kazi.

Mama Birika alikuwa anakoleza makaa. Yeye hana haraka ya kuzungumza, kwa sababu kijiwe ni chake na anaweza kukifunga.

— Mmezunguka mno, alisema. — Chumvi, mwezi. Hilo begi ulilipanga wapi, fundi?

— Sebuleni. Jana jioni.

— Mbele ya kioo.

— Mbele ya kioo, ndiyo, ndipo penye nafasi.

— Basi. Wameona.

— Nani wameona?

— Samaki. Mimi nina paka. Nikitoa viatu vya safari tu, anakojolea kimoja. Kimoja tu, cha kushoto, ili nijue si bahati mbaya. Paka anajua begi, samaki asijue? Wamekuona unakunja mashati, wakasema huyu anatuacha na mtu asiyegusa nyaya. Yule wa njano, mkubwa, unayesema ana kichwa kigumu, akashuka akasukuma boya.

— Yule wa njano yuko tangi la juu. Boya liko chini. Hawezi kufika.

— Hawezi, alisema Sekunde, ambaye alikuwa ameanza kuipenda nadharia hii kuliko yake. — Lakini kamba mdogo anaweza. Yule mwekundu anayesafisha samaki. Si umesema amewahi kupita kwenye bomba akakutwa chini?

— Mara moja.

— Na kazi yake ni nini? Kumzungukia samaki mmoja mmoja, kila siku, karibu na masikio. Anasikia malalamiko ya wote. Huyo si msafishaji, kaka. Huyo ni katibu wa chama.

— Kama ni mgomo, alisema Mkaguzi, na sauti yake ilishuka ikawa ya kazini, je, walitoa notisi? Mgomo usio na notisi ya siku ishirini na moja ni batili. Hakuna haja ya kujadiliana nao.

— Walitoa, alisema Mama Birika. — Konokono ndiyo notisi.

Breki alijikuta anacheka, na kicheko kilimfanyia kazi ambayo kahawa ilishindwa. Mabega yalishuka. Aliwatazama watu hawa watatu, ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kubadilisha pampu, wakiwa na uhakika kiasi kile, na uhakika wao ukamwambukiza. Aliinama, akachukua kipande cha chaki ambacho Sekunde hutumia kuwaandikia wateja saa ya kurudi, akachora sanduku lake kwenye lami mbele ya benchi. Akachora walinzi watano, na kamba ikiwaunganisha.

— Hamjakosea sana, alisema. — Tatizo si kwamba linazima. Kuzima ndiyo kazi yake. Tatizo ni kwamba linazima halafu halisemi kwa nini. Walinzi ni wachache. Nikiongeza wa sita, wa chumvi, mzee hapa ataridhika.

— Awe na cheti.

— Awe na cheti. Wa saba, kipima mtikisiko, kando ya boya. Konokono, kamba, katibu wa chama, mwezi, yeyote atakayegusa, sanduku linazima papo hapo na kumwandika. Vipuri ninavyo kwenye sanduku la kazi. Napita nyumbani robo saa, nafunga, naondoka na moyo mweupe.

— Wa nane, alisema Sekunde, saa. Isome kila siku ya tano.

— Weka na fomu, alisema Mkaguzi. — Shemeji asaini kila linapozima. Nakala tatu.

— Nyaya hagusi, ila kalamu atagusa, alisema Mama Birika, na shauri likapita. Breki alichora mlinzi wa sita, wa saba na wa nane. Kamba ilikuwa ndefu sasa, ikazunguka mpaka karibu na mguu wa jiko. Ilikuwa kazi nzuri. Hata yeye, aliyekuwa amechoka tangu alfajiri, aliiona ni kazi nzuri.

Gari la kampuni lilisimama saa tatu na nusu, mapema kwa nusu saa nzima. Kutoka ndani aliteremka mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa shati la kampuni ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya pakiti. Alikuwa na karatasi mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia, kila mmoja kwa wakati wake.

— Mimi ni dereva mpya. Namtafuta fundi mmoja, jina lake liko hapa, lakini nimeliuliza mtaa mzima hakuna anayelijua.

Breki aliisoma karatasi.

— Ni mimi. Hapa hawalitumii hilo.

— Nimewahi, samahani. Sijazoea barabara zenu.

— Anayewahi haombi radhi, alisema Mama Birika. — Kaa, dada, kuna kikombe kimoja kimebaki.

Dereva alikaa mwisho wa benchi, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama mchoro wa chaki uliokuwa miguuni pake.

— Hii ni lifti?

— Ni tangi la samaki, alisema Sekunde, na kwa sababu hakuna kitu kizuri kama msikilizaji mpya, akamweleza yote: lita elfu moja, matumbawe ya miaka tisa, safari ya siku sita, sanduku la chuma na walinzi wake watano ambao tangu dakika kumi zilizopita ni wanane, na jinsi mmoja wao akishtuka tu kila kitu kinavyosimama. Aligusia mwezi. Mama Birika aligusia begi. Mkaguzi alisahihisha tarakimu mbili.

Dereva alisikiliza mpaka mwisho. Alipuliza kahawa, akanywa kidogo.

— Sasa likizima kila kitu, alisema, linamuokoa nani?

— Ni usalama, alisema Mkaguzi.

— Ndiyo, mzee. Wa nani?

— Wa mfumo.

— Mfumo ni nani?

Mkaguzi alianza kutafuta kifungu. Walimwona akikitafuta, macho yake yakipanda kwenye matawi ya nyaya za simu na kushuka, na kifungu hakikuonekana. Sekunde alichukua saa ya mteja mezani kwake na kuitikisa, ingawa ilikuwa inatembea. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Breki, likatoa matone mawili ya machicha, basi.

Breki hakuwa anawaangalia. Alikuwa anaipitia kamba ya chaki kwa macho, mlinzi mmoja baada ya mwingine, kama anavyoipitia mitambo ya watu wengine. Sakafu ikilowa, kuzima pampu ya kurudisha kunaokoa sakafu. Maji yakipata joto, kuzima hita kunaokoa samaki. Boya likikwama, kuzima maji yanayoingia kunaokoa chumvi. Sawa. Na mawimbi? Aliiona lifti imesimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mtu yumo ndani, tundu za hewa ziko juu ya kichwa chake, yu mzima, amekasirika, anatafuta kalamu. Lifti ikisimama, aliyemo anabaki na hasira. Kisha akaiona ile midomo ya saa kumi na mbili asubuhi, imejipanga juu ya maji.

Miaka yote miwili tangu alipolifunga sanduku lile, hakuwahi kujiuliza. Alijua jibu kabla ya swali, na jibu lilikuwa breki.

— Dada, alisema akisimama, gari linaweza kupita kwangu? Dakika ishirini.

— Nitajaza fomu ya kuchelewa.

— Kuna fomu ya kuchelewa? aliuliza Mkaguzi.

— Ya njano, alisema dereva. — Ila unatakiwa kuijaza siku moja kabla.

Mkaguzi alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima ambayo mtu humpa adui aliyesoma.

Nyumbani, Breki hakufungua sanduku la kazi lenye vipuri. Alipiga goti mbele ya kabati, akafuata waya za pampu mbili za mawimbi kwa vidole mpaka zilipoingia kwenye sanduku la chuma, akazichomoa. Moja akaipeleka kwenye soketi ya ukutani, pale sebuleni. Ya pili akaivusha nyuma ya pazia mpaka kwenye soketi ya korido, ambayo ina swichi yake kwenye ubao wa umeme wa nyumba, ili moja ikikatika nyingine ibaki, akazifunga waya zote mbili juu, mbali na maji. Ilimchukua dakika kumi na mbili, na dakika nne kati ya hizo zilikuwa za kutazama tu. Kukivunja kitu ulichokijenga mwenyewe kunahitaji muda wa kukaa nacho kidogo.

Bado hakujua kilichozima asubuhi. Inawezekana ni konokono mwingine. Inawezekana ni mlinzi mmoja amezeeka na sasa anashtuka bure. Katika siku hizo sita kingeweza kushtuka tena, na angekitafuta akirudi, kwa utulivu, Jumamosi, baada ya kuihakiki darubini. Hakuona tena haja ya kukijua leo.

Alibaki na jambo moja. Aliingiza mkono kabatini, akaliinua boya moja kwa kidole.

Sanduku likasema tak. Taa zikazimika. Pampu kubwa ikapunguza sauti, ikanyamaza, mashine ya povu ikanyamaza, ya kupoza nayo ikanyamaza. Kisha, ndani ya kimya kile, ukabaki mvumo mdogo, sawasawa, kutoka ubavuni mwa kioo, na juu ya maji ukabaki ule mkunjo unaotembea kutoka upande mmoja hadi mwingine na kurudi. Matumbawe laini yaliendelea kuyumba. Yule wa njano alipita katikati ya tangi bila kupanda juu, akageuka, akapita tena. Breki alihesabu dakika tano kwenye saa yake. Hakuna samaki aliyetoa mdomo nje.

Mkewe alitokea mlangoni, mkoba begani, tayari kwenda kazini. Alilitazama tangi lenye giza, akamtazama mumewe aliyepiga goti.

— Limezima.

— Limezima.

— Na wewe unatabasamu.

— Tazama maji.

Aliyatazama. Alikaa nayo kwa muda mrefu kuliko Breki alivyotegemea, mpaka mkoba ukateleza kutoka begani ukafika kwenye kiwiko.

— Sasa nikilikuta hivi jioni, nifanye nini? Nikimbie wapi?

Breki alirudisha boya mahali pake, akabonyeza kitufe, na nyumba nzima ikaanza tena kuvuma.

— Usikimbie popote, alisema. — Kunywa chai kwanza, ndipo unipigie.